Ugonjwa wa Kupona

Aliyeona kwanza hakuwa mke wala daktari. Alikuwa mteja, mke wa meneja wa benki, aliyekuja karakana kuchagua kitambaa cha kochi la watu watatu. Fundi alimwekea sampuli mezani, akazifunua moja moja, na yule mama akazikataa zote kwa ncha ya kidole kana kwamba zingemwambukiza umaskini. Kisha akamtazama Fundi usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akachangamka.

"Nataka manjano," alisema. "Si hii iliyopauka. Nataka iliyokolea. Kama… kama hayo macho yako."

Akacheka. Dereva wake aliyesimama mlangoni naye akacheka, maana mshahara wake ulitoka huko huko. Fundi akacheka vilevile. Kochi la watu watatu si mchezo. Walipoondoka alikwenda kwenye kabati lililokuwa likingoja vanishi, akajitazama kwenye kioo chake, akavuta kope la chini. Mama wa watu hakuwa amesema uongo.

Ilikuwa wiki ya saba tangu aanze kumeza vidonge vya kupunguza makali ya UKIMWI. Kliniki walimwambia angetapika, angepata kizunguzungu, angeota ndoto za ajabu. Akavipata vyote kwa zamu, kama mtu anayepokea wageni waliokwisha kutoa taarifa. Habari ya manjano hakuambiwa na mtu.

Alifunga karakana mapema, akawaambia vijana wake wawili kwamba ana malaria, akaenda nyumbani.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa bado kazini kwa dobi, ambako alipiga pasi mashati ya watu tangu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Nyumbani alikuwapo mama yake Fundi tu, aliyeishi nao na kulala chumba kimoja na wajukuu zake mapacha. Bibi alimtazama mwanawe mara moja, akapiga simu. Hakuipigia kliniki. Alimpigia mwanawe wa kwanza.

Mwana wa kwanza aliitwa Dokta. Hakuwa daktari. Miaka ishirini na miwili nyuma alijifunza huduma ya kwanza kwa miezi mitatu, akapewa cheti, akakitia kwenye fremu kubwa kuliko cheti chenyewe, akafungua duka la dawa na kununua koti jeupe. Mtaa haukuwa na haja ya kumwuliza mtu maswali mradi achome sindano kwa bei nafuu, basi ukamkabidhi cheo.

Alifika na mkoba. Alimlaza mdogo wake kochini, akamfunua macho, akambonyeza ubavu wa kulia mpaka akaguna, naye akalijibu guno hilo kwa guno lake mwenyewe, zito zaidi, la kitaalamu.

"Ini limeungua."

"Limeungua na nini, baba?" mama yake aliuliza. Alimwita baba tangu siku alipovaa lile koti.

"Vidonge. Nilisema, sikusema? Ile ni sumu ya kuulia virusi, na sumu haina macho. Ikimaliza huko inageukia ini."

"Ulisema," mama alikubali.

Hakuwa amesema. Wiki saba nyuma, alipoambiwa ile siri, Dokta alisema jambo moja tu: kwamba lisitoke nje ya nyumba hii, litaharibu biashara. Biashara yenyewe ilikuwa ya kwake.

"Mama Pacha anasema nisiruke hata siku moja," Fundi alisema kutoka kochini.

"Mama Pacha anapiga pasi."

"Lakini kliniki nako—"

"Kliniki wanapewa dawa na wafadhili, lazima wazimalize. Wewe ni pipa lao la kumwagia. Vipo wapi?"

Chupa ilikuwa nyuma ya redio, ndani ya soksi. Dokta aliitoa kwenye soksi, akayasoma maandishi yake kwa midomo, akaitia mfukoni mwa koti. Fundi alikuwa na miaka arobaini na moja na vijana wawili waliomwita mzee. Alitazama dawa zake zikiingia kwenye mfuko wa mtu mwingine, akasema, "Ahsante, kaka," kisha akalegeza mkanda wa suruali, akageuka ili achomwe sindano ya kusafisha ini. Hakuna sindano ya kusafisha ini. Ilikuwa vitamini. Mapacha walitolewa nje kwa ajili ya heshima.

"Mkeo usimsumbue na habari hizi," Dokta alisema akifunga mkoba. "Wanawake wakipewa jambo la kitaalamu wanalipika."

Naye Fundi hakumsumbua. Kila usiku, saa tatu, alikwenda nyuma ya redio, akakaa hapo muda wa kumeza kidonge, akarudi akijifuta midomo.

*

Siku ya nne Mama Pacha aliinua redio ili afute vumbi, akaokota soksi tupu.

Hakupiga kelele. Alimwuliza mumewe mara moja, akajibiwa neno moja, "kaka," na mtu aliyetazama sakafu, akavaa viatu, akaenda dukani kwa shemeji yake. Dokta alimwona akiingia na akaamua kutomwona. Alimhudumia mzee wa kikohozi, akamhudumia msichana wa tumbo, akapanga upya maboksi yaliyokuwa yamepangwa. Kisha akatoa hotuba kwa watu wote wa dukani kuhusu wake wa siku hizi wanaoharakisha urithi.

"Shemeji," Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini, akiinama juu ya kaunta, "nipe chupa. Usiponipa, nitataja hapa hapa kilichomo ndani na jina la mwenyewe."

"Utamwaibisha mumeo?"

"Nitakuaibisha wewe. Yeye nitamwomba radhi nikifika nyumbani."

Dokta alitabasamu kwa ajili ya wateja, akaifunga chupa kwa gazeti mara tatu kama nyama, akampa.

Asingetaja. Njiani alikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, chupa mapajani, mpaka alipoweza kutembea tena. Lakini usiku ule mumewe alimeza kidonge mbele ya macho yake, na asubuhi ya Jumanne dobi alipewa habari kwamba mpiga pasi wake anaumwa.

*

Kliniki walianza na tabibu kijana. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, na mlango wake aliuacha wazi ili upepo uingie na sauti yake itoke.

"Unakunywa pombe kiasi gani?"

"Sinywi."

"Sikukuuliza kama unakunywa. Nimeuliza kiasi gani."

Benchi zima la nje liliacha kuzungumza.

"Mume wangu hajawahi hata kuonja," Mama Pacha alisema.

"Mama, mgonjwa ni wewe?"

"Hapana."

"Basi kaa nje." Akaendelea kusoma faili, akahesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa. "Na hapa umeruka dozi siku nne. Serikali inahangaika, wafadhili wanahangaika, dawa za bure, nyie mnachezea. Wakati mnayafanya hayo mliyoyafanya hamkuruka siku, eh?"

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka puani. Wote waliokaa pale walikuwa wamekuja kuchukua dawa zilezile, lakini kucheka kulimpa yule mtu dakika moja ya kujiona mpita njia. Tabibu aliandika neno POMBE kwenye faili kwa herufi kubwa, akalipigia mstari, akamtuma Fundi akatoe damu, kisha akamwone daktari wa ini.

Mama Pacha naye alitoa damu. Aliambiwa wenzi wapimwe pamoja, akageuza uso ukutani, akauma kanga yake mpaka sindano ikatoka.

Daktari wa ini alikuja kituoni siku ya Jumanne tu. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa raba, na foleni yake ilianza saa mbili na kufika kwa Fundi saa nane. Alisoma karatasi za maabara mara mbili. Aliposoma POMBE alimwuliza Fundi swali lilelile kwa sauti ya kawaida, akasikiliza jibu, akalikata lile neno kwa kalamu.

"Ulipoanza dawa," alisema, "CD4 zako zilikuwa sitini na moja. Kinga ilikuwa imebaki jina. Leo ni mia mbili na nane, na virusi vya UKIMWI kwenye damu karibu havionekani. Dawa zinafanya kazi vizuri sana."

"Na macho?"

"Nadhani na macho ni kwa sababu hiyohiyo. Una kirusi kingine. Homa ya ini aina ya C. Si cha jana, kina miaka ndani ya ini lako, labda kumi, labda zaidi. Kinga yako ilikuwa hoi, ikawa inakiacha kijilie tu. Sasa vidonge vimeirudishia nguvu, imekiona, inakishambulia. Na kwa kuwa kimejificha ndani ya chembe za ini, kila kipigo kinaanguka kwenye ini. Ndiyo manjano hayo, ndiyo uchovu huo."

Fundi alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, kama anavyopima kitambaa.

"Yaani ninaumwa kwa sababu ninapona."

"Kwa wiki hizi chache, ndiyo."

"Mbona hakuambiwa mwanzoni?" Mama Pacha aliuliza.

Daktari alivua miwani. "Alipaswa kupimwa hiyo C kabla ya kidonge cha kwanza. Mwezi ule vipimo viliisha. Stoo waliandika kwamba viko njiani." Alilisema hilo neno njiani kama anatema kokwa.

"Na kama ni vidonge kweli vinavyounguza ini? Kaka yangu anasema—"

"Inawezekana. Siwezi kukudanganya, hutokea. Ndiyo maana utakuja kila Jumanne nikupime. Namba zikizidi kupanda, nitabadilisha dawa moja. Nitabadilisha mimi, si kaka yako. Ukiziacha, UKIMWI utarudi, kinga italala tena, macho yatakuwa meupe, na wewe utafurahi. Na huku C itaendelea kula ini lako kimyakimya, haraka kuliko kwa mtu mwingine. Safari hiyo hutaona manjano. Utaona tumbo limejaa maji, na tutakuwa tumechelewa."

Daktari alivaa tena miwani.

"Ini likitulia," aliendelea, "kuna vidonge vingine, wiki kumi na mbili, na hiyo C inaondoka kabisa. Haitulizwi tu kama UKIMWI. Inakwisha. Sasa niambie: inapita damu kwa damu. Umewahi kuongezewa damu? Kujidunga? Sindano za mtaani?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Kwa kaka yake," Mama Pacha alisema. "Wote, ukoo mzima. Akikohoa, sindano. Akichoka, sindano. Mama yao anachomwa kila Ijumaa, ya miguu."

"Na wewe?"

"Mimi naogopa sindano. Wamenicheka miaka kumi na miwili."

Daktari alivuta karatasi nyingine kutoka chini ya zile za Fundi. "Endelea kuogopa," alisema. "Huna UKIMWI, huna C. Lakini wote waliochomwa pale wanatakiwa wapimwe."

*

Habari haikai kwenye vyumba viwili na sebule. Jumapili Dokta aliitisha kikao cha ukoo, saa nane mchana, nyumbani kwa mdogo wake, chai ya mdogo wake. Alimleta baba yao mdogo, karani mstaafu wa mahakama, mzee aliyestaafu kila kitu isipokuwa kuandika kumbukumbu. Alifungua daftari, akaandika tarehe, akapiga mstari.

"Shauri lenyewe," Dokta alisema akiwa amesimama, "ni kwamba nyumba hii sasa ina ugonjwa wa pili. Wa kwanza tulinyamaza. Tuliheshimu. Huu wa pili umetoka wapi? Mdogo wangu anatoka karakana, anarudi nyumbani. Mwanamke ndiye anayeshinda na nguo chafu za watu wasiojulikana."

"Nguo," baba mdogo aliandika, "za watu… wasiojulikana."

"Mwanangu alikuwa mnene," mama alisema, akilia kidogo. "Alipooa alikuwa mnene."

Fundi alikuwa ameketi pembeni, kwenye stuli, kwa kuwa viti vya heshima vilikuwa vimekwisha. Viti vyote vya nyumba ile alivitengeneza yeye.

Mama Pacha aliweka karatasi mezani, katikati ya vikombe. "Baba, wewe unajua kusoma. Wasomee."

Mzee aliivuta, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Jina la shemeji yenu. Virusi vya UKIMWI: hasi. Homa ya ini C: hasi."

"Si mnaona?" mama alisema. "Hasi! Nilijua tu. Mambo yake yote hasi."

"Hasi maana yake hana," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile aliacha kuandika.

"Hana?"

"Hana chochote. Mzima."

Dokta alisema karatasi za kliniki zinanunuliwa. Mama Pacha alimgeukia mama mkwe wake, akapiga magoti kama anavyomsalimu kila asubuhi.

"Mama, mimi nimechomwa sindano moja tu tangu nije kwenu, juzi, kliniki. Wewe umechomwa kila Ijumaa. Nenda ukapimwe. Ukiwa huna, nitafunga mizigo yangu mwenyewe, hamtanifukuza."

Fundi aliruka kwenye stuli. "Mama Pacha!"

"Niache."

"Usiende, mama," Dokta alisema. Alilisema haraka mno, na kila mtu alilisikia isipokuwa mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kuinuka kwa hasira.

"Nitakwenda! Nitakwenda nikuletee karatasi yangu uibandike kwenye sanduku lako la safari. Mimi nimezaa daktari, nani wa kunitisha na vipimo?"

Jumanne alivaa gauni lake la harusi za watu, akajitia manukato, akaenda kliniki kama anayekwenda kupokea tuzo. Baada ya wiki mbili aliitwa kuchukua majibu. Alirudi saa saba, akavua gauni, akalikunja vizuri, akaketi kitandani kwa wajukuu zake na kutazama ukuta. Hakuomba maji. Fundi aliporudi alimkuta hapohapo.

"Ninacho," alisema.

Fundi alikaa chini, sakafuni.

"Mimi ni mjane miaka thelathini. Sijaongezwa damu. Nyie wote nimewazaa nyumbani." Alikuwa akihesabu kwa vidole, mmoja mmoja, akitafuta kidole kitakachomwokoa mwanawe. Havikutosha, au vilizidi. "Sijawahi kuchomwa na mtu mwingine, baba."

Neno baba alimwambia Fundi. Hakuwa amemwita hivyo tangu akiwa mtoto.

*

Jumamosi asubuhi waliingia dukani, mama na mwana. Watu sita walikuwa kwenye foleni. Dokta alikuwa amemaliza na mzee mmoja mwenye kikohozi, na sasa alikuwa akimhudumia mama kijana aliyepakata mtoto mwenye homa.

Fundi alimtazama kaka yake akifanya kazi. Dokta alichomoa sindano kwenye bomba, akaitupa koponi, akafungua sindano mpya kwa madaha ili kila mtu aione, akaipachika kwenye bomba lilelile, akaichovya kwenye kichupa kilekile cha dawa. Fundi alikuwa ameyaona hayo maisha yake yote. Siku hiyo ndiyo aliyaona.

"Kaka, acha."

"Subiri zamu yako."

"Bomba hilo limetoka kwa huyu mzee."

"Sindano ni mpya," Dokta alisema, akiwatazama wateja. "Si mmeiona? Bomba haliingii mwilini. Nani amekufundisha utabibu, sponji?"

Watu wakacheka. Mama kijana alianza kumfunua mtoto paja.

Fundi alijua kwamba neno akishalisema halitarudi, na kwamba litafika karakana kabla yake, na shuleni kwa mapacha kabla ya Jumatatu. Aliwaza kumvuta kaka yake nyuma ya pazia wayamalize kindugu. Kisha sindano ilianza kushuka kwenye paja la mtoto.

"Mimi ni mdogo wake, tumbo moja," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba, si kama alivyotaka. "Nina virusi vya UKIMWI. Natumia dawa. Nina homa ya ini pia, na hiyo nimeipata humu, kwenye bomba hilo. Kilichokuwa kwenye damu yangu nacho kimepita humo. Dada, funika mtoto wako."

Hakuna aliyecheka tena.

"Amechanganyikiwa," Dokta alisema taratibu. "Msamehe­ni. Ni vile vidonge, vinapanda kichwani. Mama, mchukue mwanao."

Macho yote yakamgeukia mama. Kila mtu alimjua. Kila Ijumaa aliketi kwenye kiti kile cha mbele, akiwasimulia wanaongoja jinsi mkono wa mwanawe ulivyo mwepesi. Dokta naye alimtazama, na usoni mwake hamkuwa na wasiwasi wowote. Mama yake hakuwahi kumwangusha.

Mama alishika ukingo wa kaunta.

"Na mimi ninayo," alisema. "Ya ini. Nina miaka sabini na moja, na sijachomwa na mtu mwingine ila huyu niliyemzaa."

Mama kijana alimfunika mtoto wake, akasimama, akafika mlangoni, akarudi kudai pesa yake, akapewa, akatoka. Wengine walimfuata. Alibaki mwanamume mmoja mwenye ovaroli aliyekuwa amekwisha kufungua mkanda.

"Dokta," alisema, "mimi nichome tu haraka, nimechelewa kazini."

*

Kufikia mchana mtaa mzima ulijua kwamba Fundi ana UKIMWI. Juu ya bomba watu hawakusema mengi. Habari ya bomba ilihitaji kuelezwa. Habari ya UKIMWI ilijieleza yenyewe. Kijana wake mmoja aliacha kazi bila kuaga na kusahau nyundo yake. Mke wa meneja wa benki alimtuma dereva achukue kochi likiwa bado sponji nje, akalipakia huku amevaa glovu za kuoshea gari. Mwalimu wa mapacha aliwahamisha dawati, kisha akaitwa na Mama Pacha kwenye uwanja wa shule na kuambiwa mambo fulani, kisha akawarudisha.

Wakaguzi walikuja wiki ya tatu, wakaweka kufuli na karatasi yenye muhuri kwenye mlango wa duka. Watu walinung'unika sana. Sasa iliwabidi watembee mpaka kituo cha afya na kupanga foleni, wakati walikuwa na daktari wao mlangoni. Wenye roho mbaya, walisema, hawapendi maendeleo ya ndugu zao.

Na ini likatulia. Jumanne moja namba zilisimama, Jumanne iliyofuata zikashuka, na daktari mwenye raba akachora mshale unaoelekea chini, akamwonyesha Fundi kwa furaha ya mtu ambaye hapewi sababu nyingi za kufurahi. Dawa zilibaki zilezile. Mama naye aliandikiwa vidonge vyake vya wiki kumi na mbili. Alivimeza akinung'unika kwamba havina ladha.

Dokta alikuja karakana siku hizo, saa nne asubuhi, bila koti. Bila koti alikuwa mtu mdogo. Alikuwa na barua iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa baba mdogo.

"Tumalize kindugu," alisema. "Unasaini hapa kwamba ulisema kwa hasira, hukuwa na hakika. Wakaguzi wanafungua. Na mimi nitawatangazia watu kwamba nilikupima mwenyewe, huna UKIMWI, kliniki walikosea. Wateja wako wote watarudi. Wananiamini."

Fundi alikuwa akivuta ngozi kwenye mgongo wa kiti, pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja. Jambo lililomshangaza ni kwamba kaka yake hakuwa akimdhihaki. Alikuwa anampa alichoona ni zawadi.

"Umepimwa?" aliuliza.

"Mimi? Mimi ndiye ninayechoma."

"Na ukiumwa, nani anakuchoma?"

Kila mtu kwenye ukoo ule alijua jibu. Dokta alijichoma mwenyewe, kwa bomba lililokuwa karibu.

"Wanapima Jumanne," Fundi alisema. "Mama anatoka nyumbani saa moja na nusu. Na sasa nipishe, kaka, umesimama kwenye mwanga."

Jumanne Dokta alikuja. Alivaa kofia, akaketi ncha ya benchi, mbali na mama yake, mpaka mama yake alipohama na kwenda kukaa karibu naye. Kwenye benchi walikuwapo yule mzee wa kikohozi, yule mama kijana na mtoto wake, na wengine kumi na tatu wa mtaani, wote wakiwa na makaratasi ya kupimwa ini. Walimsalimia. Baadhi yao, ajabu, waliinuka kidogo kwa heshima.

Nesi aliita jina lake. Hakuinuka. Aliita tena.

"Nenda," mama yake alisema. "Ni wewe."

Meza ya kutolea damu ilikuwa palepale ukumbini, nyuma ya pazia lisilofika mwisho. Dokta alikunja mkono wa shati. Nesi alimfunga mpira, akapapasa mshipa, akainua bomba, na Dokta akaurudisha mkono wake ghafla, akaukumbatia kifuani.

"Sista, samahani," aliuliza, na benchi lote likamsikia, "hilo bomba ni jipya?"